Ndugu wa Ndoano

“Nani atakuja kukuchukua?” muuguzi alimuuliza Glenys asubuhi ile, kalamu juu ya fomu. Glenys akajidai anatafuta miwani, kumbe ameivaa. Kanuni haina huruma: dripu ya kwanza hulewesha, hutoki bila mtu wa kukufikisha nyumbani, huna mtu, unapewa tarehe ya mwezi ujao. Akaomba dakika kumi, akatoka mpaka benchi la nje ya hospitali, pale mjini Wollongong, mbele ya kigari cha kahawa. Wenzake wa benchi walishaketi: Profesa, dereva wa basi mstaafu aliyenyang'anywa leseni kwa sababu ya macho mabovu, na Dazza, mwenye saratani ya damu, anayetembelea kipikipiki cha betri chenye kiti kimoja. Glenys wamempachika jina Vumbi, maana kinga ya mwili wake imeugeukia mwili wenyewe, ikamkausha mate.

– Vumbi, daktari kasemaje?

– Kasema seli B zangu, za kinga, hizi zinazonila, zina kipokezi. Ndoano ya kunasia vijidudu. Na ndoano hiyohiyo wameiona kwenye saratani za watu kama Dazza. Watu wasiojuana kabisa!

– Kumbe sisi ndugu! Dazza akaruka.

– Ndugu gani, wewe hata biskuti hugawi.

– Mimi nilijua, Profesa akadakia. Moshi wa kiwanda cha chuma huo. Haba na haba hujaza kibaba.

– Mbona mwingine mwenye ndoano hiyo yuko Norwe?

– Moshi hauombi pasipoti, mama.

– Wapi! Ni babu mmoja, baharia, kila bandari kaacha mtoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

– Methali hiyo si ya hapo, Dazza, Glenys akasema.

– Ya hapohapo. Wewe umepona?

– Sijapona.

– Basi mgeni hajafika.

– Nyie hamjui, Profesa akashusha sauti. Seli hizo zinatafutana. Zikikutana zitaitisha mkutano mkuu, Vumbi mwenyekiti.

Glenys akacheka mpaka midomo ikapasuka, akanywa funda la maji. Yale maneno ya daktari aliyapenda kuliko ilivyostahili. Tangu mumewe Ron afe, miaka kumi na mmoja, hakuna aliyemwambia kwamba anafanana na mtu. Na hebu niambie: wanaolinganisha ndoano ya mjane wa hapa na ya mtu wa Norwe, wameshindwaje kumpatia mjane huyo kiti kimoja cha gari mpaka kwake Dapto?

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mwanamke mgeni, sare ya usafi mwilini, funguo za gari zinaning'inia kidoleni.

– Samahani, mama. Hao ndugu zako wa ndoano, yupo hata mmoja mwenye gari?

Profesa akachungulia kikombe chake. Dazza akafuta kioo cha kipikipiki, kisicho na uchafu. Muuguzi akatokeza mlangoni na fomu ileile.

Glenys akamgeukia yule mwanamke.

– Mimi naitwa Glenys. Saa tisa mchana, nipeleke nyumbani, tafadhali.