Redempta, Aliyepima Seli Moja Moja Ikiwa Hai

Marehemu Redempta Yonas alizaliwa Kate, Nkasi, tarehe 14 Machi 1986. Arobaini haikufika, mama akafariki. Baba mdogo Nestory akaamua kuwa Leonia, dada mtu wa miaka tisa, abaki nyumbani ambebe mtoto. Sare ya shule ya Leonia, iliyokuwa tayari imeshonwa, ikakatwa nepi.

Redempta alisoma Kate, kisha sekondari Sumbawanga mjini, na akapata shahada ya uzamivu Dar es Salaam mwaka 2018.

Kazi yake ilikuwa kupima molekuli ndogo kali zinazozaliwa ndani ya seli na kutoweka kufumba na kufumbua. Zikizidi, huichoma seli kwa ndani. "Dada," alieleza, "wengine husaga maelfu ya seli pamoja ndipo wapime. Ukishasaga ulezi, utajuaje punje ipi iliyooza? Mimi naitazama moja moja, ingali hai."

Leonia alipomtembelea maabara alimkuta gizani, jicho kwenye hadubini. "Mwanangu, msomi mzima unakaa gizani kama panya?" Akawasha taa. Kumbe seli zilitiwa rangi inayong'aa ikikutana na molekuli zile, na mwanga mkali huiharibu. Redempta alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Umenichomea shamba lote, dada!"

"Si ungesema? Ningekuja na koroboi."

Alifunga ndoa na Mwalimu Isdori, parokiani Kate, tarehe 5 Julai 2014. Kiti cha wazazi alikikalia baba mdogo. Leonia alikuwa jikoni akisonga ugali. Bibi harusi alimfuata huko na shela lake, akapiga magoti kwenye majivu. Mungu akawajalia binti, Jovina.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Baba mdogo alimfariji kitandani: "Ukoo ulikulea, ukoo utakuuguza."

"Baba mdogo," alijibu taratibu, "ukoo hauna mgongo. Mimi nilibebwa na mgongo mmoja. Siku ya kunisomea wasifu, msitusage pamoja. Mtajeni: mama yangu Leonia."

Alifariki Sumbawanga tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Leonia.

Ameacha mume, Isdori, binti, Jovina, baba mdogo, Nestory, na mama yake, Leonia.

Taa imezimwa, mwanangu. Pumzika kwa amani.