Aganetha Loeppky, Mtoto Aliyesifiwa kwa Upole

Aganetha Loeppky alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2017, nyumbani kwao kijijini Silberdorf, kusini mwa Manitoba. Alikuwa mtoto wa pili wa Cornelius Loeppky na Susanna, binti wa Harms. Alipewa jina la bibi yake mzaa mama. Aliishi wiki kumi. Kwetu kila anayezikwa husomewa maisha yake, na ya huyu tutayasoma kwa mpangilio ule ule tunaowasomea wazee.

Alipozaliwa hakulia sana. Wanawake wa kanisa walileta supu ya kuku na tambi, wakamzunguka kitandani.

“Susanna, umebahatika dada,” alisema jirani yao, Tina Penner. “Wa kwangu walilia mpaka ng’ombe wakagoma kutoa maziwa. Hebu niazime huyu wiki moja nilale!”

Wote walicheka. Lakini ule haukuwa upole. Mtoto alilegea kama kitambaa kilicholowa, akinyonya kidogo na kusinzia, na choo hakupata. Kabla Novemba haijaisha, Cornelius alimwinua ili ambadilishe nepi, akahisi kitu kikivunjika chini ya vidole vyake. Ulikuwa ubavu.

Katika hospitali kubwa mjini Winnipeg, Daktari Ranasinghe aliwaeleza wazazi kwamba tezi nne ndogo za shingoni zilikuwa zinanyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu. Damu yake ilikuwa na kalsiamu karibu mara mbili ya kiwango cha kawaida, na kiasi hicho kinaweza kusimamisha moyo. Alitundikiwa maji ya chumvi ili figo ziitoe, akapewa dawa ya kuizuia mifupa isiendelee kumumunyuka, na vidonge vilivyosagwa vya kuzituliza tezi. Hata hivyo dawa zilikuwa za kununua muda tu. Tiba yenyewe ilikuwa upasuaji wa kuziondoa tezi.

Kuhusu ndoa, lazima tuseme ya wazazi wake. Cornelius na Susanna walioana tarehe 14 Juni 2013 katika kanisa hili. Babu wa babu yao ni mmoja, kama ilivyo kwa wengi mliokaa humu. Walipopimwa, wote wawili walikutwa na kalsiamu iliyozidi kidogo, ingawa hawajawahi kuugua. Aliyerithi kasoro hii kutoka kwa mzazi mmoja huishi vizuri bila kujua. Anayeipata kwa wote wawili huwa kama Aganetha. Hakuna aliyetenda dhambi hapo. Lakini kuanzia leo, ninyi wa ukoo wa Loeppky na Harms mnaotaka kuoana, kutojua si udhuru tena. Kapimeni damu.

Shule marehemu hakuiona. Waliosoma ni wazazi wake: walifundishwa kumbeba kwa kiganja chini ya mgongo, bila kumshika kwapani, na kupima maziwa maalumu ya unga yasiyo na kalsiamu wala vitamini D. Kazi aliyopewa ilikuwa kuongeza uzito. Kalsiamu iliposhuka, tarehe 22 Desemba, aliruhusiwa kurudi nyumbani anenepe, na tarehe ya upasuaji ikapangwa katikati ya Januari. Siku ya Krismasi alikamata kidole cha kaka yake Jakob na hakukiachia. Jakob alikula chakula chake chote kwa mkono wa kushoto ili asimsumbue.

Bibi yake alihamia kwao kumsaidia Susanna. Kila mama aliyelea watoto kwenye majira yetu ya baridi anajua kijiko cha mafuta ya ini la samaki asubuhi. Sisi sote tulikuzwa nacho.

“Mama, daktari amekataza. Kalsiamu imezidi,” Susanna alimwambia.

“Imezidi wapi, na mbavu zinavunjika kama njiti za kiberiti? Mimi nimelea wanane, mwanangu, na hakuna hata mmoja mwenye matege. Hao wa mjini wanasoma mashine, mtoto hawamshiki.”

“Mama, usimpe. Tafadhali.”

“Haya, haya. Nimesikia.”

Alisikia, lakini hakutii. Kila asubuhi Susanna akiwa amelala, aliyachanganya mafuta yale kwenye chupa ya mtoto. Vitamini D iliyomo huongeza kalsiamu mwilini.

Baada ya Mwaka Mpya mtoto aliacha kunyonya. Alirudishwa Winnipeg tarehe 8 Januari, kalsiamu ikiwa juu kuliko mwanzo. Daktari aliuliza kama alikula kitu kingine chochote.

“Hakuna,” alisema Susanna.

Bibi alikuwa amekaa karibu na mlango. “Kijiko,” alisema. “Kijiko kidogo tu, daktari.”

Susanna aligeuka akamtazama mama yake. Hajasema naye mpaka leo.

Dawa zilirudiwa, safari hii bila mafanikio. Mbavu zilizovunjika zilishindwa kuinua kifua, mapafu yakaingiwa na ugonjwa, na madaktari wakasema hawezi kuvumilia kisu. Alifariki Jumapili, tarehe 21 Januari 2018, mikononi mwa baba yake. Daktari alisema huenda angekufa hata bila mafuta. Alisema huenda. Hatutalijua.

Wengine walinishauri niandike tu kwamba Mungu amemchukua malaika wake. Mama yangu, bibi huyo huyo, alikataa. “Andika nilichofanya, Abram. Usinifiche nyuma ya Mungu.” Nimeandika. Upendo usiokubali kuambiwa huua, hata unapotoka kwa mtu mwema.

Aganetha ameacha baba yake, Cornelius. Mama yake, Susanna. Kaka yake, Jakob. Mimi mjomba wake, Abram Harms, ninayeusoma wasifu huu. Na bibi yake, Aganetha Harms. Susanna aliomba jina hilo la mwisho lisichapishwe. Nimelichapisha kwa sababu ni kweli kwamba ameachwa naye pia, na Susanna hajanisamehe kwa hilo.

Mtoto huyu apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki hatuna.