Majirani wa Ng'ambo ya Minyaa: Maisha ya Lusia Mbuke Jilala, 1957–2026

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Lusia Mbuke Jilala alikuwa akisimama kwenye uzio wa minyaa na kuita salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka!" Ng'ambo ya pili jirani yake Gregory, au mkewe Nyamizi, aliitikia, na hapo ndipo siku ilipoanza. Tangu Jumanne hakuna aliyeita. Juzi Nyamizi alisimama pale penye minyaa akiwa na ndoo kichwani, akangoja kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akapita.

Lusia alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 karibu na Mwadui, mkoani Shinyanga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Jilala, mlinzi katika mgodi wa almasi. Majirani waliamini kwamba mlinzi hakosi kokoto mbili tatu nyumbani. Mzee Jilala aliwajibu kuwa jiwe pekee lililoingia kwake ni la kusagia uwele, na anayelitaka aje alibebe. Marehemu alirithi ulimi huo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1975. Mwaka 1978 alipata cheti cha kilimo huko Ukiriguru, Mwanza, akapelekwa Ushetu kuwa bibi shamba. Kwa miaka thelathini na minne aliwafundisha wakulima kupanda, kuchuma na kukausha tumbaku. Aliweza kuingia kwenye bani, kile kijumba cha kukaushia majani, akavuta pumzi mara moja na kusema moto umezidi.

Tarehe 27 Juni 1981 alifunga ndoa na Mwalimu Benjamini, huko Kahama. Mwalimu alipenda kusema kuwa ameoa mwanamke anayenuka tumbaku na asiyejua kuwasha sigara. Walijaliwa watoto watatu. Mwalimu alitangulia mwaka 2009.

Alipostaafu mwaka 2012 alidhani amemaliza kazi. Mwaka 2015 wananchi wa kata yake walimchagua kuwa diwani, na katika kazi hiyo lilimpata jambo ambalo aliomba lisomwe siku ya kuzikwa kwake bila kupunguzwa.

Mwaka 2016 ilipelekwa kwenye baraza la madiwani hoja kwamba wageni wote wasio na karatasi waondolewe mashambani na machimboni. Madiwani wa chama chake walikaa kwanza faragha, kama ilivyo desturi, wakakubaliana kuipitisha. Ukumbini Lusia alinyoosha mkono pamoja na wenzake. Hakuuliza wageni hao ni akina nani. Wiki mbili baadaye aliwajua. Gregory, aliyezaliwa Ushetu na wazazi waliotoka Burundi mwaka 1972, ambaye kwa mikono yake alilijenga bani la Lusia, aliambiwa aondoke. Binti yake Melania alikuwa darasa la sita. Kabla ya kuondoka, familia ile iliufagia uwanja wote, mpaka chini ya minyaa.

Siku ya tatu Lusia alijisahau, akaenda kwenye uzio akaita. Hakuna aliyeitikia. Wanawe wanasema siku hiyo hakula.

Akanunua daftari. Akaandika majina ya madiwani wote ishirini na saba, na mbele ya kila jina chama chake, wakazi wa kata yake wanaishi kwa kazi gani, na anasemaje kuhusu wageni. Kwa karibu miaka mitatu alipanda bodaboda kutoka kata hadi kata kuwauliza. Mwanawe mkubwa alimkuta mezani siku moja, akacheka.

"Mama, unajisumbua. Angalia kadi za vyama tu, utajua nani atanyoosha nini."

"Fredy mwanangu, nilidhani hivyohivyo," akasema. "Kadi hazijaniambia kitu. Huyu wa chama chetu ana vibarua wa tumbaku, anataka wabaki. Huyu mpinzani anahubiri haki asubuhi hadi jioni, lakini kwake ni machimbo, vijana wanagombania maduara ya kuchimba na wageni, anataka wafukuzwe. Na mimi je? Mimi nilinyoosha tu."

Mwaka 2019 alipeleka hoja yake mwenyewe: waliozaliwa hapa waachwe majumbani mwao wakati karatasi zao zinashughulikiwa na wenye mamlaka, na watoto wao warudi darasani. Chama chake kilikaa faragha tena, kikaamua hoja ikataliwe. Mheshimiwa Boaz, aliyeongoza kikao kile, alimgeukia.

"Mama Fredy, msimamo ni mmoja. Ukitoka nje ya mstari, mwakani jina lako halirudi."

"Nimekusikia, baba. Tumbaku yako mwaka huu nani ameipalilia?"

Watu wakacheka. "Ya shambani yaache shambani," Boaz akasema.

"Yalitoka shambani yenyewe, mheshimiwa. Mimi nimeyafuata tu."

Ukumbini Lusia alisimama, akasema kwa ufupi: "Mwaka 2016 mkono huu ulimfukuza jirani yangu. Nilikosea. Leo naomba unirudishie." Akaunyoosha. Wanane wa chama chake walinyoosha, naye akiwamo, pamoja na wapinzani sita. Tisa wa chama chake walipinga, bega kwa bega na wapinzani wanne wa kata za machimbo. Kura kumi na nne kwa kumi na tatu. Wa mwisho kuhesabiwa upande wa Lusia alikuwa Mheshimiwa Boaz. Alipoulizwa mlangoni kulikoni, alijibu, "Majani yangu yako bani, jamani. Na huyu mama ana daftari."

Mwaka 2020 majina yote mawili, la Lusia na la Boaz, hayakurudi kwenye orodha ya wagombea. Siku orodha ilipotangazwa Lusia alikuwa upande wa pili wa minyaa akikandika udongo, kwa maana Gregory alikuwa amerudi tangu Juni na nyumba ilikuwa imebomoka. Melania alianza tena darasa la sita akiwa na miaka kumi na sita, mrefu kuliko mwalimu wake. Kitambulisho cha Gregory kilitoka mwaka 2023.

Mwaka jana figo za marehemu zilianza kuchoka, akatibiwa Mwanza na baadaye nyumbani. Mwishoni mwa Januari mwaka huu Melania alimsomea matokeo yake ya kidato cha nne: daraja la pili. "Rudia," akasema. Melania akarudia mara tatu. Lusia alifariki dunia nyumbani kwake Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha watoto watatu, Fredy, Serafina na Amosi, wajukuu saba, mdogo wake Hosiana, na majirani zake. Daftari lake analo Melania, kwa maagizo yake mwenyewe. Mungu ampe pumziko la mtu aliyemaliza kupalilia.

Amelazwa kando ya Mwalimu Benjamini, hatua sita kutoka kwenye minyaa, upande wa nyumba ya Gregory.