Daktari Noof, Jogoo na Msalaba

Noof kafuzu! Binti yangu daktari! Ee, salamu nimeziruka, mtanisamehe, limenitoka lenyewe.

Assalaam aleikum. Mheshimiwa Sheikh Yaarub, mgeni wetu wa heshima. Ndugu walimu wa chuo kikuu, mlio jirani na ukumbi huu hapa Al Khoudh. Bi Jawaher, mama yake Badr, uliyekaa mbele hasa pale nnapotaka. Na majirani zangu wa Al Amerat, mliovuka milima na watoto wenu: karibuni nyote.

Daktari wa nini, mtauliza, wa sindano? Hapana, wa tarekhe, mambo ya watu wa kale. Kaisomea Hungaria, huko huko Hungaria: vipi Waprotestanti na Wakatoliki waliishi, wakagombana, wakapatana. Mtoto wa Kiislamu, mtoto wangu mimi niliyeachia skuli darasa la saba, anasoma Kihungaria cha kale kama mimi nnavyosoma bei za samaki! Nimekwenda mwenyewe kumuona akivishwa joho. Baridi ile, wallahi, nilivaa mabuibui mawili na koti la Talal, mume wangu, juu yake.

Wapo waliocheka. Mmoja, simtaji, gauni lake la kijani linaonekana mpaka nyuma huko, aliniuliza: "Hamdiya, huyu atarudi na shahada au na msalaba?" Nikamwambia: "Atarudi na shahada, na wewe utakuja kula pilau yake." Pilau ilikuwaje, shoga?

Lakini maneno hayo yalifika kwa Bi Jawaher. Mwanawe Badr keshamposa Noof, sisi tumeshakubali, mara simu kimya. Nyinyi mnaozaa mabinti, mnajua moyo unavyokuwa? Nilikuwa nnatia chumvi mchuzini, nikisahau natia tena, na Talal anakula bila ya kusema kitu, maskini.

Kisha Bi Jawaher akaja. Hakutuma mtu, alikuja kwa miguu yake, na hilo nnamshukuru mbele yenu. Nikammiminia kahawa. Mnajua hapa kwetu aliyetosheka hutikisa kikombe, yeye hakutikisa. Nikajua bado ana neno.

"Mwanangu," akamwambia Noof, "makanisa ya watu yanakuhusu nini wewe?"

Noof akamjibu kwa adabu: "Mama, nimeanza kwa sababu ya hawa wawili." Akatuonesha mimi na baba yake. Talal ni Ibadhi, husali mikono kaiachia; mimi Sunni wa Unguja, nafunga mikono. Kakulia baina yetu.

Akamhadithia. Kulikuwa na zama huko, Waprotestanti waliruhusiwa kujenga kanisa, lakini bila ya mnara, bila ya kengele, na mlango usielekee barabarani. Watu waliumizana sana. Baadaye ikaja sheria: mke na mume wakitofautiana madhehebu, watoto wa kiume wamfuate baba, wa kike wamfuate mama. Basi Jumapili nyumba moja inatoka pamoja, wakifika njia panda wanaagana. Baba na wanawe wanakwenda penye jogoo, maana Waprotestanti wa huko huweka jogoo au nyota juu ya mnara. Mama na binti zake wanakwenda penye msalaba. Mchana wamesharudi wote, supu moja, meza moja.

"Nilitaka kujua, Mama," akasema Noof, "vipi watu walitoka kule wakafika kwenye supu ile."

Bi Jawaher akakizungusha kikombe mkononi. Mimi roho juu. Halafu akasema pole pole: "Marehemu mama yangu naye alikuwa Sunni. Alfajiri baba, naye Ibadhi, akimsubiri amalize dua yake ya kunuti, ndipo wanywe chai."

Kisha akamkazia macho: "Na nyumbani kwa mwanangu, jogoo atakuwa nani?"

"Badr anaamka mapema, Mama?"

"Badr? Haamki huyo hata umwagie maji!"

"Basi jogoo mimi."

Mashaallah! Bi Jawaher alicheka mpaka shela ikamdondoka, na pale pale akakitikisa kikombe.

Waheshimiwa, mtu aliyekwenda mbali hivyo kujifunza vipi majirani walipatana, kapotea wapi? Si ndiye wa kumtia nyumbani mwako? Walimu mliomfunza, Mungu awalipe. Talal, ahsante kwa mchuzi ule wa chumvi. Nanyi mlionivumilia na domo langu hili, nimewapenda kwa masikio yenu.

Limebaki moja. Bi Jawaher kanikanya mlangoni, siku nisiitaje mpaka yeye akubali kwa kichwa. Bi Jawaher, niseme?

Mmeona wenyewe, kakubali! Basi asikosekane mtu, na wewe wa gauni la kijani uwe wa kwanza. Harusi ya Badr na Daktari Noof, ukumbi huu huu, baada ya Alasiri, Ijumaa ya pili baada ya Idi.