Kimya cha Weris

Salah, sogea karibu, na wewe Farhiya, wacha hiyo chai ipoe, ukae mahali nitakaposikia pumzi yako, maana macho yamenitupa na sauti nayo inaaga. Nitasema kwa Kiswahili, lugha iliyonilisha miaka ishirini na sita ya ukalimani ofisini kwa mkuu wa tarafa, ili wazee wa ukoo waliokaa nje wasiinase habari hii kabla haijamfikia mwenyewe. Tena Kisomali ndicho nilichosemea uongo, nami sitaki kuungama kwa chombo kile kile.

Mali haina maneno mengi. Kadhi ataigawa kama Mungu alivyoamuru, mafungu mawili ya Salah na moja la Farhiya, na yule binamu yangu Hirsi aliyesogeza ua wa kiwanja chetu, mwacheni na ua wake, nimemsamehe, ingawa ni mwizi. Lililonikalia kifuani ni jingine, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Mnajua nilivyosifiwa. Mborana akilia, mwenye duka akitukana, askari wa kutoka bara akiamrisha, mimi niliyavusha maneno yao bila kumwaga hata tone, mpaka watu wakasema Guled hakosi neno. Nikalewa sifa hizo. Nikaamini kwamba kila kilicho moyoni mwa mtu kina jina, na mwenyewe asipolijua, mimi nitamtafutia. Wanangu, huo ni upumbavu wa mtu ambaye kamba yake imefika maji katika kila kisima alichochota, akadhani duniani hakuna kisima kirefu kuliko kamba yake.

Katika ukame ule wa miaka ishirini na miwili iliyopita, Dubow, mume wa Weris, alipigwa risasi akafa kisimani, upande wa Modogashe. Vijana wetu walikuwa watano, na ukoo ukakubali kulipa damu kwa pamoja, kama ilivyo desturi, bila kumtaja aliyefyatua. Wazee wa pande mbili walikaa siku nne. Lakini suluhu haikufungwa mpaka neno la mjane lisikike, na mjane aliye katika eda hatoki kwenda barazani. Hutumwa mtu mmoja akamuulize mara tatu, na atakalorudi nalo ndilo neno lake. Nilitumwa mimi, kwa sababu mama yangu alizaliwa kwao, wakanihesabu mtoto wa dada yao.

Nilimkuta Weris amekaa juu ya ngozi, mimba yake imekaribia, mkononi ameshika kiatu kimoja cha mumewe. Nikamuuliza, "Weris, umesamehe?" Hakujibu. Nikauliza mara ya pili, na ya tatu. Alinitazama tu. Wallahi nimesikia watu wakilia, wakilaani, wakiomba kufa, na yote nimeyatia maneno, lakini kile kilichokuwa machoni mwa mwanamke yule hakina neno katika lugha nne ninazozijua, na sidhani kinalo katika zile nisizozijua. Ilinipasa kurudi na kusema: hakusema kitu. Nikarudi nikasema: amesamehe. Fahali akachinjwa, Fatiha ikasomwa, naye kibandani mwake akaisikia ikisomwa.

Salah, usiiname. Jioni ya siku ile ya kisimani ulirudi na bunduki imepungua risasi, ukakataa kula, ukanyamaza siku mbili, na mimi sikukuuliza. Basi nikawa nimebeba kimya chako na kimya cha Weris. Chako nikakiita kutokuwa na hatia, chake nikakiita msamaha. Nilikupenda na niliogopa. Sina udhuru mwingine.

Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, lakini hawasemi lisilosemwa huenda wapi. Mimi najua kwamba hukaa likingoja, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Weris alifariki mwezi uliopita, katika mvua hii isiyotaka kukatika, na kabla ya kukata roho alimwambia mwanawe Jelle, yule aliyekuwa tumboni, "Nenda Garissa, ukamuulize mzee Guled mimi nilisema nini." Hakumwambia zaidi. Kijana amesafiri siku tisa katika matope. Juzi aliketi hapo mlipo, akaniita adeer, yaani ami, kwa heshima yote, akauliza hilo moja, nami nikamwambia arudi leo baada ya swala ya Ijumaa. Yuko barazani sasa. Namsikia akikohoa.

Najua unachotaka, Salah. Unataka nimwambie amesamehe, kisha nife, udongo ufunike. Neno moja tu, na wewe utaishi. Nimelipima siku mbili hizi, na kila nikilifikisha mdomoni nalirudisha. Nitamwambia ukweli, na suluhu ile itakuwa imevunjika, na wewe utakuwa mikononi mwake na mwa wazee wao. Usikimbie, mto umefurika na barabara zimekatika. Bunduki usiitafute, Farhiya amekwisha kuitupa majini. Theluthi ya ngamia, ile ambayo sheria inaniachia, ni ya Jelle akiitaka, na asipoitaka iwe sadaka kwa mayatima.

Na akinyamaza, msimsemee. Hata mkiogopa, msiseme ameridhika, msiseme amekasirika. Farhiya, wewe ni mwalimu, umerithi maneno yangu mengi, kwa hiyo nakuonya zaidi ya ndugu yako.

Mnizike leo leo, bila hotuba. Mungu awape riziki ya halali... na usingizi, ambao mimi niliukosa. Awape kinywa kisichoona haya kusema sijui. Nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Mfungulie, Farhiya. Wazee wabaki nje.

Karibu, Jelle. Sogea, sauti imekwisha... Mama yako hakusema neno. Mara tatu nilimuuliza... hakusema. Msamaha ule niliutunga mimi. Na aliyefyatua ni huyu... huyu hapa, mwanangu. Salah, kaa. Kaa, nimekwambia... Farhiya, mama, sioni. Jelle amekaa, au amesimama?