Marehemu wa Majaribio

RAHILA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

MZEE KIFICHO: Marehemu.

RAHILA: Nani? Sauti inakatika, sema tena —

MZEE KIFICHO: Marehemu, nimesema. Babu yako, Kificho bin Silima wa Tibirinzi. Asalaam alaykum.

RAHILA: Astaghfirullah! Waalaykum salaam. Shikamoo, babu. Usifanye mzaha huo.

MZEE KIFICHO: Marahaba, mke wangu. Mzaha umeuanza wewe. Nimeswali, nimekunywa chai, natoka barazani namkuta Bwana Jamnadas. Kafunga duka, kaja na sukari ya msiba. Ananitazama, namtazama. Sukari kaiweka miguuni, hajui aniachie au arudi nayo.

RAHILA: Yupo hapo mpaka sasa?

MZEE KIFICHO: Yupo. Anakunywa chai ya matanga yangu.

RAHILA: Babu, nisamehe. Tangazo nimeliona sasa hivi, nilikuwa nataka —

MZEE KIFICHO: Umeliandika vizuri lakini. "Maziko baada ya sala ya alasiri." Hukukosea hata nukta. Ila umeniandika "mkulima" basi. Mtu kasoma madarasa ya usiku mpaka kapewa cheti, akifa cheti hakitajwi?

RAHILA: Yalikuwa majaribio, babu! Wallahi majaribio.

MZEE KIFICHO: Kufa kwa majaribio?

RAHILA: Hebu sikiza. Tovuti yetu ya kutangazia vifo nimeiweka mara mbili. Moja ya watu, moja yangu ya kujaribia. Kwenye yangu naandika chochote, hakuna anayeona. Sasa jana nimezihamishia zote kwenye seva mpya —

MZEE KIFICHO: Seva ya kukodi. Kompyuta ya kampuni kubwa, iko ng'ambo huko, sisi wapangaji. Najua. Usinifundishe.

RAHILA: Haya, mwalimu. Basi kila tovuti ina ghala lake la data. Katika kuhama nikasahau kubadilisha anwani ya ghala —

MZEE KIFICHO: Zote mbili zikaingia ghala moja.

RAHILA: Eeh! Nimeandika kwenye ya majaribio, limetokea kwenye ya watu.

MZEE KIFICHO: Na katika Pemba nzima hukumwona wa kumuua ila mimi.

RAHILA: Programu inataka jina kamili na shehia anayokaa mtu, babu. Lako ndilo linalonijia bila ya kufikiri. Na nikasema, hata likitoka nje, nani ataamini? Wewe si mtu wa kufa leo.

MZEE KIFICHO: Jamnadas kaamini. Tena upesi sana, sijapenda.

RAHILA: [anacheka] Subiri nalifuta... Haya. Nimelifuta. Sasa imebaki kuliandika kosa hadharani.

MZEE KIFICHO: Hadharani wapi tena?

RAHILA: Kwa wenzangu watengenezaji. Programu hii ni huria, babu. Waliianza Wabrazili huko kwao, wakaiacha wazi, nami nikaichukua bure nikaigeuza iwe ya vifo vya huku kwetu. Na ada yetu, ukikosea unaeleza umekosea wapi, wenzio wasije wakafanya vile vile.

MZEE KIFICHO: Kwa hiyo na Wabrazili watajua kama nimekufa.

RAHILA: Watajua kama hukufa.

MZEE KIFICHO: Basi na cheti watajiwe.

RAHILA: Babu, kitu kimoja kinanitisha. Watu wameshalichukua, wamelitupa kwenye magurupu. Huko mimi siwezi kufuta. Sijui limefika wapi.

MZEE KIFICHO: Limefika kisiwani Makoongwe.

RAHILA: Umejuaje? Babu? Haloo? Mtandao huu —

MZEE KIFICHO: Mtandao mzima. Seif wa boti kapiga simu hapa kutoa pole, nikapokea mwenyewe. Alipotulia kaniambia keshamvusha Kazija. Yeye kesharudi zake, Kazija yuko Mkoani, anatafuta gari ya kuja huku Chake.

RAHILA: Bibi Kazija? Dada yako?

MZEE KIFICHO: Kwani ninaye mwengine?

RAHILA: Ya Rabbi. Anakuja kukuzika.

MZEE KIFICHO: Anakuja. Mwaka wa nne huu hajakanyaga kizingiti changu.

RAHILA: Tangu alipofiwa na mumewe.

MZEE KIFICHO: Habari ilinifika magharibi. Watu wameshamzika Ame, wamesharudi majumbani. Nilimweleza. Akasema ningetaka kujua ningejua.

RAHILA: Ndiyo ukanisumbua nitengeneze tovuti hii.

MZEE KIFICHO: Sikukusumbua. Nilikushauri.

RAHILA: Kila siku, babu. Mimi niko Unguja nimelala, simu inalia, ni ushauri.

MZEE KIFICHO: Hushauriki mara moja wewe.

RAHILA: Haya. Sasa nimpigie haraka, kabla hajapanda gari —

MZEE KIFICHO: Usimpigie.

RAHILA: Babu.

MZEE KIFICHO: Hilo tangazo... kulirudisha ni kazi kubwa?

RAHILA: Babu!

MZEE KIFICHO: Nauliza tu. Kitaalamu.

RAHILA: Kitaalamu ni kubonyeza mara moja. Na silirudishi. Mtu mzima yuko stendi peke yake, anakulilia.

MZEE KIFICHO: Nani kakwambia analia?

RAHILA: Ingekuwa wewe, unakwenda kumzika yeye?

MZEE KIFICHO: Sikusikii, mtandao mbaya.

RAHILA: Umenisikia.

MZEE KIFICHO: Akijua mimi ni mzima hatokuja, Rahila. Atarudi na boti. Siku zote hizo nilikuwa mzima, na hakuja.

RAHILA: Najua, babu.

MZEE KIFICHO: Rahila.

RAHILA: Labeka.

MZEE KIFICHO: Mpigie. Simu yangu hapokei, yako atapokea. Mwambie nipo. Asikae njiani na huzuni ya uongo.

RAHILA: Nina simu ya pili hapa. Usikate.

MZEE KIFICHO: Salio dogo. Lakini sikati.

RAHILA: [kwa simu ya pili] Haloo, Bibi Kazija? Shikamoo, bibi. Ni Rahila... Hapana, bibi, sikiza... Nyamaza kwanza, bibi yangu, nyamaza. Babu mzima... Mzima! Naongea naye... Nimekosea mimi, kwenye kompyuta... Yeye hakujua. Wallahi hakujua... Nisamehe, bibi... Eeh... Eeh...

MZEE KIFICHO: Kasemaje?

RAHILA: Ngoja, babu. Bibi? Uko stendi au umeshapanda?... Bibi? Haloo?

MZEE KIFICHO: Kakata?

RAHILA: Shh. Naam, bibi... Naam... Sawa. Nitamwambia hivyo hivyo. Haya, kwaheri, bibi.

MZEE KIFICHO: Anarudi?

RAHILA: Kwanza kasema mimi nastahiki bakora.

MZEE KIFICHO: Haki yake. Anarudi?

RAHILA: Kasema wewe tangu mdogo ukiumwa kidole unataka mtaa mzima ukulilie.

MZEE KIFICHO: Muongo huyo! Kilivunjika kidole kile! Rahila, salio linakwisha, anarudi au harudi?

RAHILA: Kasema keshakaa garini, kapu la samaki changu liko mapajani, na yeye hashuki kwenye gari kwa sababu nduguye hakufa.

MZEE KIFICHO: Kasema "nduguye"?

RAHILA: Kasema hivyo hivyo.

MZEE KIFICHO: Basi kata simu. Kata, kata! Nataka kukoga na kunyoa, kanzu haijapigwa pasi. Akinikuta hivi nilivyo atasema hukukosea.

RAHILA: Haya, nisalimie bibi. Na, babu, hicho kidole usimtajie! Akifika tu usianze kubish— Babu? Haloo? Babu?