Uso Ubavuni mwa Gari la Wagonjwa

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Mwenye mtoto anayelia ampe maziwa kwanza, mwenye chungu jikoni apunguze moto, halafu tukae. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Alikuwa mkunga. Baadaye akawa diwani. Sasa hayupo. Narudia kwa ajili ya wale wanaofungua redio sasa hivi: alikuwa mkunga, akawa diwani, na tumeshamzika.

Wengi mlimjua kwa jina la Bi Kaza. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanawake waliojifungua mikononi mwake, kwa sababu ndilo neno alilowapigia kelele ile saa ambayo mwanamke anawalaani wanaume wote duniani. "Kaza, mwanangu! Kaza! Kulia utalia kesho!" Nusu ya kata hii alikata vitovu vyao yeye. Huenda na wewe unayenisikiliza.

Mume wake ni mchora mabango. Ukimwona kinyozi aliyechorwa ukutani na nywele zinang'aa kama kiatu kipya, au ng'ombe anayecheka mlangoni mwa bucha, hiyo ni kazi yake. Watu humwita Fundi Rangi. Nilimkuta uani kwake, ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, kucha zina rangi nyeupe. Mengi ya leo ni ya kwake. Mimi nayasema tu.

Ananiambia mkewe alianza siasa kwa sababu ya vitanda. Wodi ya wazazi ilikuwa ndogo, wanawake wanalala wawili wawili, mwingine chini. Bi Kaza alilalamika mpaka akachoka. Akastaafu bado analalamika. Siku moja akarudi nyumbani na fomu ya kugombea udiwani.

"Nilicheka," anasema Fundi Rangi. "Nikamwambia, mama watoto, siasa ni matope. Akanijibu, 'Mimi nimefua mashuka ya wodi ya wazazi maisha yangu yote. Matope gani ya kunitisha mimi?'"

Hakutishika. Akagombea, akashinda. Siku ile watu walimbeba mabegani, kiatu chake kimoja kikapotea, akahutubia na mguu mmoja peku. Shikeni hilo, wapendwa. Walimbeba.

Pesa za wodi mpya zikapitishwa. Mkandarasi akaja, akachimba msingi, akamwaga kokoto, akapotea. Ule msingi umejaa maji ya mvua, vyura wamehamia. Bi Kaza alisimama kwenye baraza la madiwani akataka mkandarasi yule aitwe ajieleze. Ikapigwa kura. Mikono mingi ilisema jambo liahirishwe. Mkono wake haukuwemo. Alipinga, akashindwa. Akarudi kwenye mkutano wa kata akawaeleza watu hivyo hivyo: nimepinga, nimeshindwa, narudi tena mwezi ujao.

Watu walisikia nini? Walisikia madiwani wamekaa na wodi haijajengwa. Basi. Likaanza neno lile ambalo siku hizi mtoto wa chekechea analijua: "Wote ni wale wale."

Na hasira ilikuwa na sababu, tusidanganyane. Mabomba yalikuwa makavu. Dawa hakuna. Mbunge anaonekana zaidi kwenye kalenda kuliko mtaani. Mwenye njaa akilalamika usimwambie ana makosa. Lakini kuna methali tunaipenda mno, kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mimi ni mama wa nyumba, samaki nanunua mwenyewe. Nikifika jikoni nanusa. Aliyeoza namtupa, wengine nawakaanga, watoto wanakula wanalala. Hebu niambieni, ni nani kati yenu anayemwaga kapu zima? Angemwaga, angekula nini?

Sasa tufike kwenye gari.

Mbunge alileta gari la wagonjwa. Jambo jema, zahanati haikuwa nalo. Lakini lilikuja na sharti: kwenye ubavu mmoja ichorwe sura ya mbunge, kwenye ubavu wa pili sura ya diwani. Bi Kaza akakataa. "Mgonjwa anataka dripu," alisema. "Sura yangu ataifanyia nini?" Akaambiwa bila sura gari halitoki. Akamtazama mumewe, akasema, "Haya, Fundi. Chora. Lakini usinifanye mrembo, watashindwa kunitambua."

Fundi Rangi anainamisha kichwa anapofika hapa. "Nilifurahi, sitasema uongo. Nimechora ng'ombe na vinyozi maisha yangu yote. Lini tena ningepewa nafasi nimchore mke wangu, mkubwa hivyo, kila mtu amwone?" Alimchora na mwanya wake wa meno. Alimchora anacheka. Nimeliona gari lile. Ni picha nzuri kuliko kazi zake zote.

Haikupita muda, mtu akayakwangua macho yale kwa msumari.

Fundi akayapaka upya. Wakayakwangua tena. Akapaka. Wakarusha matope. Kwenye simu yake Bi Kaza aliletewa matusi ambayo binti yake aliyasoma kwanza na kuyafuta, mama asiyaone. Binti huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, ndiye mtoto wao wa pekee. Sokoni, muuza nyanya ambaye Bi Kaza alimzalisha watoto wote alimwambia, "Nyanya zimekwisha, Mheshimiwa," na fungu la nyanya liko mbele yake, jekundu kabisa.

"Alirudi bila nyanya," anasema mumewe. "Akapika hivyo hivyo. Tukala. Nikamwambia, kesho napaka nyeupe juu ya ile sura, yaishe. Akakataa. Akasema, 'Ukinifuta watasema nimekimbia. Mtu akikasirika ni heri ajue mlango wa kubisha.'"

Wapendwa, siku yenyewe ilikuwa mchana, kama sasa. Maji yalikuwa hayajatoka siku nyingi, watu wakachoka, wakatoka na ndoo tupu na matairi, wakafunga barabara kuu. Walikuwa wengi. Walikuwa wanapiga ndoo na kuimba. Haki yao.

Zahanati ilikuwa na mama mjamzito anayevuja damu. Alitakiwa hospitali kubwa, upesi. Muuguzi alikuwa peke yake na wodi imejaa. Akampigia Bi Kaza: dada, nisaidie kumsindikiza. Bi Kaza alikuwa anaosha vyombo. Aliviacha na povu.

Dereva wa gari ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. "Nilipiga king'ora, watu wakaanza kupisha. Kweli walianza kupisha. Halafu mmoja akaona ubavu wa gari. Akapiga kelele, 'Huyo diwani! Anatoroka na gari la wagonjwa!' Nikasema jamani, nina mgonjwa. Wakasema, fungua tuone. Bi Kaza akafungua mwenyewe. Na wa kwanza kuonekana akawa yeye."

Hapo ndipo palipoharibika. Uso wa kwenye bati na uso wa mlangoni ni uleule. Nani angetazama nyuma yake kuna nani amelala?

Bi Kaza akashuka. Glavu zake zina damu. Akainua mikono juu. "Hii si rangi ya mume wangu," akawaambia. "Ni damu ya mama mwenzenu. Mimi nabaki hapa, nitukaneni mpaka mshibe. Gari liende."

"Usituletee ukunga hapa!" kijana mmoja akamjibu. "Wewe ni mwanasiasa!"

Bi Kaza akamtazama vizuri. "We! Si mtoto wa fundi viatu? Ulizaliwa umetanguliza miguu, ukamtesa mama yako mpaka nikajua nawakosa wote wawili. Na leo vilevile umetanguliza miguu, kichwa umekiacha nyumbani!"

Watu wakacheka. Dereva anasema walicheka kweli, hata yule kijana aliona haya akainama. Mwingine akasema, "Bi Kaza huyo, mwacheni." Tairi likavutwa pembeni. Dereva akapata upenyo, akakanyaga mafuta.

Lakini waliocheka ni waliokuwa mbele. Wa nyuma hawakusikia mzaha wala hawakuona damu. Walichoona ni gari lenye uso ule linaondoka, na kelele. Jiwe lilitoka nyuma.

Lilimpata kichwani. Akaanguka palepale kati ya ndoo.

Na gari la wagonjwa, wapendwa, lilikuwa moja tu. Lilikuwa limeshaondoka.

Waliokuwa karibu walimlaza kwenye mkokoteni wa kubebea maji. Fundi Rangi alikuwa juu ya ngazi, anamalizia bango la duka la magodoro. Alikimbia na brashi mkononi. Akausukuma mkokoteni ule na watu wengine, baadhi yao walikuwa wakimtukana mkewe muda mfupi uliopita. Njia nzima alikuwa anamwita.

Nilimuuliza kama alisema neno. "Aliuliza, 'Gari limefika?' Nikamwambia limefika, mama mzima, mtoto mzima. Sikujua lolote. Nilidanganya ili apumzike."

Alikata roho kabla ya kufika zahanati.

Gari lilifika. Mama yule yuko hai. Mtoto hakupona. Daktari alisema kama wangefika mapema kidogo tu. Basi nitasema na mimi, mnikasirikie mkitaka: wale watu wa barabarani walikuwa na haki ya kukasirika, na mtoto yule alikuwa na haki ya kupita.

Polisi wameuliza. Hakuna aliyeona. Barabara iliyojaa mchana ule imegeuka kuwa barabara isiyokuwa na mtu. Huyu alikuwa anafunga duka. Yule alikuwa anatafuta mwanawe. Wote walikuwa mbele, nyuma hakukuwa na mtu. Jiwe lilijirusha.

Mazishini walikuja wengi, na kilio kikubwa. Muuza nyanya alikuwepo, anagaragara. Dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mkavu anayefanana na mimi kwa ulimi, alisimama akawauliza, "Mnamlilia nani? Mkunga au mwanasiasa? Maana mlimtaka mmoja, mmewaua wote wawili." Kilio kilikatika kama mtu amefunga bomba.

Sasa kiti kiko wazi. Fomu za kugombea zimetolewa, na nimekwenda ofisini mwenyewe kuuliza. Aliyechukua ni mmoja tu. Ni mkandarasi yule, wa msingi na vyura. Matusi hayamsumbui, hata jiwe halimsumbui, yeye ana walinzi na gari lenye vioo vyeusi. Asipotokea mwingine, atapita bila kupingwa. Na tayari nimesikia watu kituo cha basi wakisema, mnaona? Si tulisema wote ni wale wale?

Nilipokuwa pale uani asubuhi hii, binti yao alitoka ndani amevaa nguo za kutoka, mkoba begani. Hakunificha. Alisema anakwenda kuchukua fomu. Mama alisema anarudi tena mwezi ujao, kwa hiyo lazima mtu arudi.

Fundi Rangi hakuinuka kwenye ile ndoo. Alisema, "Rudi ndani, mama."

"Baba, leo ndiyo mwisho."

"Najua ni mwisho."

"Basi unataka yule ndiye akae pale? Aliyekula wodi ya mama?"

"Sitaki."

"Sasa?"

Mzee akasema kitu ambacho mpaka sasa hakijanitoka kichwani. "Kura yangu nitawapa, mwanangu. Hata jua likiwaka nitapanga mstari niwape. Mtoto wangu siwapi."

Binti alisimama pale. Mkoba ukateleza begani mpaka kwenye kiwiko. Hakutoka, hakurudi. Nilipoaga alikuwa bado amesimama.

Kwa Fundi Rangi, kwa binti, kwa dada mkubwa, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole. Kwa mama aliyerudi nyumbani mikono mitupu, pole sana, mama. Marehemu apumzike. Alikuwa mkunga. Akawa diwani.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, sitawaomba mpige simu leo. Laini nimezifunga. Zimeni redio, mkae kimya kidogo, kila mmoja ajiulize jambo moja: binti yule angekuwa wako, kata hii tunayoijua, kwa ndimi zetu hizi na mikono yetu hii, ungemwacha atoke? Mimi nina watoto. Nimejiuliza. Jibu nililolipata silipendi, na ofisi ya fomu inafungwa jioni hii.